Wewe Chombo, Mwambie

Baba mkwe wangu alinifundisha kuendesha kayaki kwa miezi sita bila kunitazama usoni hata mara moja. Jina lake Ngassa. Wakati ule nisingelitamka hata kwa kisu shingoni, maana mkwe hatajwi jina, hashikwi mkono, wala hukutani naye njiani ukampita hivi hivi. Unajitenga pembeni, unainamisha uso mpaka apite. Chakula chake nilikiweka chini, nikarudi nyuma, ndipo akakichukua. Mimi mtu wa Ushetu, niliyekulia kwenye tumbaku, nilidhani watu wa ziwani wamelegea kwenye mila. Hawa wa Nkome hawakulegea.

Kayaki yenyewe ililetwa na Bwana Zeeshan mwaka 1997, magugu maji yalipoziba mwalo wetu wa kushushia samaki. Zeeshan ni mtoto wa wenye duka Kambarage, Shinyanga mjini, Mhindi anayeongea Kisukuma kunishinda mimi. Alikuwa na mradi wa kupima maji, wajue kama zebaki ya wachimba dhahabu imefika ziwani. Mitumbwi mipana ilikwama kwenye magugu na injini zikasokotwa na mizizi, lakini kile chombo chembamba cha plastiki ya njano, chenye kasia la mabapa mawili, kilipenya. Alitaka mtu wa hapahapa wa kuchota maji kila wiki sehemu sita za ghuba. Wanaume walicheka, wakasema hicho ni kihori cha kunyweshea ng'ombe. Mimi nikanyoosha mkono.

Sikuunyoosha kwa ushujaa. Mume wangu Mihayo alikuwa machimboni Geita, mwaka wa pili huo, hana barua wala salamu. Kaka yake mkubwa, Abel, alishaanza kusema mbele ya watu kwamba mke asiye na mume nyumbani hurudi kwa baba yake, na watoto hubaki kwa waliotoa ng'ombe wa mahari. Watoto wangu ni Nelly, wakati huo miaka sita, na mdogo wake wa miaka mitatu. Nikipata kazi ya mradi, ningekuwa na sababu ya kubaki Nkome na wanangu. Nikiikosa, narudi Ushetu mikono mitupu.

Zeeshan alinionyesha siku moja tu, akaniachia karatasi ya mambo kumi na mawili ya kujifunza. La kwanza lilikuwa kukaa. La mwisho lilikuwa kumwokoa mtu aliye majini.

"Mama Nelly, Desemba nakuja kukupima," alisema. "Yote kumi na mawili. Moja likikosekana siwezi kukuandika kazi, ziwa halina huruma."

Kukaa tu kulinishinda. Asubuhi ya kwanza nilipinduka mara sita, na jaketi la boya likanirusha juu mara sita, watoto wa mwaloni wakihesabu kwa sauti. Baba mkwe alikuwa ameketi ufukweni akishona wavu, mgongo amenipa. Nilipopinduka mara ya sita akakohoa.

"Wewe chombo," alisema, "mwambie aliyekukalia kwamba kasia halifuliwi kama nguo. Azungushe kiuno. Mikono peke yake itachoka kabla ya jua kupanda."

Nilidhani mzee amechanganyikiwa. Kisha nikaelewa, nikaona aibu na furaha kwa pamoja. Nikaiinamia kayaki nikaijibu, "Chombo, mwambie mzee nimesikia."

Ndivyo tulivyosoma. Alikuwa mvuvi tangu ujana wake na mke wake alishafariki. Nadhani alifurahi kupata mtu wa kumgombeza. Mwezi wa kwanza nilijifunza kwenda mbele bila kuzunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Wa pili nikajua kugeuza, kurudi nyuma, na kusogea ubavu. Wa tatu ukaja na mawimbi. Wimbi likikujia ubavuni mwili unataka kulikimbia, nawe ukilikimbia umekwisha.

"Chombo, mwambie wimbi ni ng'ombe mkaidi," alisema. "Amwegemee. Na akiona anaanguka, ayapige maji kofi kwa bapa la kasia."

Nilipiga maji makofi mpaka viganja vikachubuka.

Kupinduka chini juu na kujichomoa ndani ya chombo nilikuogopa kuliko kuzaa. Unaning'inia kichwa chini, maji yanaingia puani, mizizi ya magugu inakupapasa uso, na mikono haikumbuki ilichofundishwa. Nilikuwa naota usiku nimebaki humo. Lakini nilijifunza kutoka, nikajifunza kurudi kwa kupanda kutoka nyuma kama mtu anayempanda punda, na mwezi wa tano nikaweza lile ambalo Zeeshan mwenyewe alilifanya mara moja kati ya tatu: kupinduka na kuinuka upande wa pili bila kutoka ndani. Siku hiyo nilipiga vigelegele peke yangu katikati ya maji. Mzee hakugeuka, ila mabega yalikuwa yakicheka.

"Chombo," alisema, "leo umebeba mtu."

Likabaki la kumi na mbili. Nilihitaji mtu wa kulala majini nimwokoe. Wanawake wenzangu walikataa, mwanamume mwingine yeyote angeleta maneno, na mzee, mwogeleaji hodari kuliko wote, ndiye hasa nisiyeweza kumgusa. Tukashindilia gunia kwa magugu makavu, nikalivuta gunia hilo wiki tatu. Nililishika makwapani, nikalilaza juu ya pua ya kayaki, nikarudi nalo ufukweni. Nikajiona nimefuzu. Gunia halikatai mkono.

Siku ya mtihani mwalo ulijaa. Zeeshan alisimama na karatasi yake, Abel kakunja mikono. Yale kumi na moja niliyafanya bila kosa. Baba mkwe alikuwa amenifuata na mtumbwi wake wa gogo, akajibanza kwenye ukingo wa magugu, kisingizio nyavu. Zeeshan alikuwa anavua viatu aingie majini nimwokoe yeye, ndipo upepo ulipogeuka. Bonge zima la magugu, pana kama uwanja wa nyumba, likameguka na kuubana mtumbwi wa mzee ubavuni. Ukapinduka.

Nilifika kwanza, maana hakuna chombo kingine kingepita. Alikuwa juu ya maji kidevu tu, miguu imesokotwa na mizizi. Hata hapo nilikumbuka adabu. Niligeuza kayaki nikampa mkia wake aushike, uso wangu ukiwa mbele. Akaushika. Nikapiga kasia kwa nguvu zangu zote, na tusisogee hata kidole. Ilibidi avutwe juu kwa mikono. Nikageuka, nikamnyooshea mkono. Akauachia mkia, akatazama pembeni.

"Wewe chombo," alisema, maji yakimwingia mdomoni, "mwambie aende zake. Watu wanaona."

Nilikuwa nimemdhania mkaidi tu. Hapo ndipo nilipomwelewa. Abel alikuwa akitafuta sababu ya kunifukuza, na mzee alikuwa radhi azame kuliko kumpa sababu hiyo kupitia mkono wangu. Hasira ilinipanda, sijawahi kumkasirikia mtu vile.

"Ngassa!" nilipiga kelele. "Ngassa, nitazame!"

Akashtuka, akanitazama. Macho yake yalikuwa ya kijivu pembeni, sikuwa nikijua. Nikamkamata makwapani, nikamkumbatia kifua kwa kifua, nikamvuta mpaka mizizi ikakatika, na kayaki ilipolala nikaliegemea wimbi jinsi alivyonifundisha. Nilimfikisha ufukweni amelala juu ya pua ya chombo, uso kwa uso nami, akitapika maji.

Zeeshan aliweka alama ya kumi na mbili. Kazi niliipata palepale.

Lakini jioni hiyo Abel aliita kikao cha ukoo. Alisema kazi si hoja. Hoja ni kwamba mke wa mdogo wake amemtaja baba yao jina na kumkumbatia mbele ya mwalo mzima, na nyumba iliyovunjiwa heshima hivyo haiwezi kumfuga. Wazee waliguna kukubali. Nelly alikuwa amenishika gauni.

Baba mkwe alijifunua blanketi. Akanitazama moja kwa moja, watu wakainamisha vichwa kwa aibu.

"Melania," alisema, akilitaja jina langu kwa mara ya kwanza. "Mkwe ndiye asiyemshika mkwe. Huyu amenishika, nikapona. Basi kuanzia leo si mkwe wangu, ni binti yangu. Binti hafukuzwi kwa baba yake, wala hatenganishwi na watoto walio kwa babu yao. Abel, una neno?"

Mimi nilianza kulia kwa furaha, nikataka kusema wabeja, asante, mzee akaniinulia kiganja.

"Usishukuru kabla hujaelewa, mwanangu," alisema polepole. "Mihayo naye ni mtoto wangu. Akirudi, anakuta dada yake, si mke. Kubali au kataa wewe mwenyewe, sitakulazimisha."

Sikuwa nimefikiria hilo. Wote walidhani nimeshamkatia tamaa Mihayo, kumbe nilikuwa nampenda bado. Sandukuni mwangu mlikuwa na shati lake jeupe, nililolifua kila mwezi lisije likanuka kufungiwa, siku akitokea alivae. Niliwatazama wanangu. Niliingia chumbani, nikafungua sanduku. Kisha nikalitoa lile shati, nikalikunja, nikarudi kikaoni.

Sikuliweka chini kama chakula cha mkwe. Nilimkabidhi baba mkononi.