Nafasi ya Kidole

Mama Futi hakupewa jina hilo bure. Tangu anapofungua duka hadi anapolifunga, futi ya kushonea haikumtoka shingoni, na wateja walikuwa wakiapa kwamba hata kitandani hupanda nayo. Alikuwa fundi wa magauni, na kwa miaka ishirini hakuna aliyekata kitambaa dukani mwake isipokuwa yeye. Mdogo wake alishona, yeye alikata. Walielewana hivyo na hawakuwahi kugombana, ukiacha zile siku ambazo waligombana.

Kisha akapata saratani ya titi. Wakampasua, wakaondoa na tezi za kwapani, wakamchoma mionzi, akapona. Alipona kweli, nasi tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mwaka wa pili mkono wa kulia ukaanza kujaa. Kwanza bangili ikakataa kupita, halafu saa ikakosa tundu la kufungia, halafu asubuhi moja akachukua mkasi wake mkubwa na dole gumba likagoma kuingia. Akalisukuma. Likagoma. Akaulaza mkasi mezani taratibu, akamwambia mdogo wake, "Leo kata wewe."

Hiyo leo ikawa miaka mitano.

Mtaani walisema ni matende, na yeye aliwahi kujitania kabla hajataniwa. "Zamani mlisema mkono wangu wa birika," aliwaambia wateja waliozoea kuomba punguzo. "Haya, sasa umekuwa mtungi." Walicheka mpaka mbavu zikawauma. Yeye alicheka nao, wakishaondoka anashika tama.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa mikono ya nguo zake mwenyewe. Fundi yeyote anajua kwamba mikono ya gauni hukatwa kwa pamoja: unakunja kitambaa, unapitisha mkasi mara moja, mikono inatoka pacha. Ya Mama Futi ilibidi ikatwe mbalimbali, wa kulia mpana, wa kushoto wa kawaida, na kila mdogo wake alipotandaza vile vipande viwili mezani, dada mtu alijifanya anatafuta vifungo.

Daktari wa upasuaji aliyejua mambo hayo alifika hospitali yao mara mbili kwa mwaka, wiki moja moja. Siku ya kwanza alimsikiliza Mama Futi mpaka mwisho, jambo ambalo si kila daktari huliweza.

"Haya si matende, mama," alisema. "Matende huletwa na mbu. Wewe njia za maji ya mwili ziliondoka pamoja na zile tezi. Maji yanapanda hadi kwapani, yanakuta mlango umefungwa, yanarudi kukaa mkononi."

"Sasa tuyafungulie mlango."

"Ndiyo nia. Lakini kwanza funga bandeji za kubana miezi sita. Mkono ukipungua, tutajua bado ni maji, nami nitaziunganisha njia zake na mishipa midogo ya damu yapate pa kupitia. Usipopungua, maana yake ndani pameshageuka mafuta na makovu, na operesheni hii haitakufaa."

Muuguzi akapima chini ya kiwiko. Mkono wa kushoto, sentimita ishirini na saba. Wa kulia, thelathini na sita. Akaandika kwenye daftari dogo, akamkabidhi mdogo mtu: apime kila Jumamosi.

Jumamosi ya kwanza ilisoma thelathini na nane na nusu. Wakatazamana. Mama Futi akasema labda mkono umekasirika kwa kufungwa, akakaza bandeji. Zilimwasha, zilimchemsha, usiku zilimnyima usingizi, lakini alijikaza. Namba zikashuka polepole, nusu kwa nusu, na Jumamosi ya mwisho daftari likasoma thelathini na sita. Miezi sita ya kuwashwa, na wako palepale walipoanzia. Mama Futi hakulala vizuri siku hiyo.

Siku ya kurudi, foleni ilitoka nje ya mlango. Muuguzi, mbio mbio, akanakili kwenye faili namba ya mwanzo na namba ya mwisho, akamwita anayefuata. Daktari akasoma. Thelathini na sita. Thelathini na sita.

"Pole sana, mama. Haujapungua."

Mama Futi aliushika mkono ule kwa mkono mwingine. Hakuwa ameomba mengi. Hakuomba mkono mzuri. Aliomba dole gumba liingie kwenye mkasi, basi.

"Nilizifunga kila siku," alisema. "Hata siku za joto."

"Nakuamini."

Daktari alikuwa ameshashika kalamu ya kufunga faili, lakini kwa mazoea tu akabonyeza kidole gumba juu ya kifundo cha mkono ule, akahesabu kimoyomoyo, akaachia. Pakabaki shimo. Akabonyeza pengine. Shimo jingine.

"Hebu," alisema, akaweka kalamu chini. "Haya ni maji. Na maji yakibanwa miezi sita yanapungua, yatake yasitake. Nani alikuwa anapima?"

"Mimi," mdogo mtu alijibu kwa sauti ya mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Nipimie nione."

Mdogo mtu akaivuta futi kutoka shingoni kwa dada yake, akaizungusha chini ya kiwiko, akatia kidole chake cha shahada katikati ya futi na ngozi, akasoma, "Thelathini na sita."

"Dada," muuguzi aliuliza, "na hicho kidole?"

"Kidole gani?"

"Hicho kilichojificha humo ndani."

"Si nafasi hiyo!"

"Nafasi ya nini?"

"Ya kupumua."

Mama Futi alilazimika kuingilia kati, maana heshima ya duka ilikuwa inaguswa. "Daktari, mtu hapimwi kavukavu. Ukimpima kavukavu, akiinua mkono nguo inachanika. Ni lazima kidole kiwemo."

Kisha daktari akaanza kutikisika mabega.

"Mama," alisema, akijifuta macho, "mimi sikushonei gauni."

Wakapima upya, kavukavu. Thelathini na tatu na nusu.

Mama Futi aliitazama namba ile mpaka ikaanza kucheza machoni. Sentimita mbili na nusu. Zilikuwa zimeondoka kitambo, wao wamekaa wanazilia. Muuguzi akaomba radhi: angesoma daftari zima badala ya mstari wa mwisho, angeona.

"Kidole chako kimoja kininyime operesheni!" Mama Futi alimgeukia mdogo wake.

"Na aliyenifundisha nani?"

Mama Futi akaivuta futi yake, akairudisha shingoni.

Kesho yake wakamchoma dawa ya rangi katikati ya vidole, wakazima taa, wakamulika kwa kamera. Kwenye kioo zikaonekana njia nyembamba zinazong'aa, zikipanda vizuri mpaka karibu na kiwiko, halafu zinatawanyika kama wino ulioanguka kwenye shashi. Daktari akazifuata kwa kalamu juu ya ngozi, akatia alama tatu.

"Hiyo ndiyo chaki yetu ya kukatia," Mama Futi alisema.

"Chaki hiyo," daktari alikubali. "Ila nisikudanganye. Mkono hautarudi kama ulivyozaliwa nao, na soksi ya mkono, ile ya kubana, utaendelea kuivaa."

Siku ya operesheni walitia ganzi mkono tu, yeye akawa macho. Daktari aliinama kwenye hadubini kama fundi aliyebanwa na siku ya harusi. Mama Futi alivumilia kimya saa nzima, na kwake hilo ni jambo kubwa, kisha ikamshinda.

"Uzi huo mwembamba kiasi gani?"

"Kuliko unywele. Ukianguka hatuutafuti."

"Na unaacha nafasi kiasi gani?"

Daktari hakuinua kichwa. "Hapa hakuna kidole, mama. Nikiacha nafasi, maji yanavuja."

"Basi shona kavukavu," alisema, akafumba macho.

Miezi minane baadaye, dukani, mdogo mtu alimpima. Chini ya kiwiko, kavukavu, ishirini na tisa na nusu. Mezani kulikuwa na kitambaa kipya cha kijani, cha gauni la Mama Futi mwenyewe, na mdogo mtu alikuwa ameshaanza kukigawa vipande viwili vya mikono.

"Wa kulia niongeze ngapi?"

Mama Futi aliizungusha futi kwenye mkono wake wa kushoto, akaomba kidole cha mdogo wake, akakitia ndani. Ishirini na tisa na nusu.

"Kidole kimoja," alisema. "Ni kidole kimoja tu. Kunja kitambaa."

"Dada, si huwa tunakata mbalimbali?"

"Nimesema kunja. Tutafuata wa kulia, na wa kushoto utapumua zaidi. Nani atajua?"

Mdogo wake akakunja, akanyoosha, akanyoosha tena pasipohitaji kunyooshwa, kwa sababu machozi yalikuwa yanamtoka na hakutaka kuinua uso. Mama Futi akachukua mkasi. Dole gumba lilikwaruza kidogo, likaingia. Akakata mikono yote miwili kwa mara moja.