Mashahidi Mawili

Mume wangu Elkana anajivunia Kiswahili chake kuliko anavyojivunia mimi. Alipata A ya Kiswahili kidato cha nne, huko kwetu Bungoma, na ukikaa naye saa moja utaijua hiyo A hata kama hukuuliza. Miaka kumi na tisa tumeishi Chaani, chumba kimoja na sebule, yeye akiendesha mashine ya kunyanyua makontena na mimi nikishona sare za shule, na katika miaka hiyo yote sijaona aliyeponea ulimini mwake. Amewasahihisha makonda, amemsahihisha mchungaji akiwa mimbarini, na siku ninamzaa kitinda mimba wetu alimsahihisha nesi aliyekuwa akiniambia nisukume.

Kwa hiyo haya ninayoeleza yeye angeyaeleza vingine. Lakini leo mwenye kueleza ni mimi.

Tulinunua robo eka kule Mbuta, Likoni, shamba hasa, lenye nyasi za kufika kifuani na mkorosho mmoja mzee katikati. Tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe, mtu wa Chaani anafika kule bila kuonana na feri. Aliyetuuzia anaitwa Ahmad, mtu wa makamo, mpole, ambaye familia yao imelima pale tangu babu wa babu zao. Siku ya kukabidhiana alitutembeza mipaka yote, kisha akasimama, akaelekeza kidevu chake upande wa mkorosho.

"Shamba sasa ni lenu, Mungu awape kheri nalo," akasema. "Ila lina jambo moja. Mashahidi mawili yako pale penye mkorosho. Yatunzeni."

"Inshallah, tutawatunza," Elkana akajibu, akikazia ile "wa" kama mwalimu anayemwonea mwanafunzi huruma.

Njiani kurudi alicheka mpaka machozi. "Umesikia, Nafula? Mashahidi mawili! Yatunzeni! Hawa ndio wanaotucheka sisi wa bara eti tunavunja ngeli." Nami nilicheka. Ni nadra kumshika mtu wa pwani na kosa la Kiswahili, na mtu akilipata hilo halali nalo peke yake.

Ng'ambo ya njia, mbele kidogo ya ule mkorosho, kuna nyumba ya ndugu wawili wazee, Mzee Randu na Mzee Kitsao, ambao kutwa hukaa kibarazani wakisuka makuti. Elkana aliona hapana shaka, hao ndio mashahidi. Akawapelekea sukari kilo mbili kila mmoja na majani ya chai, maana ameambiwa awatunze, na kumtunza mtu ni kumpa kitu. Wazee wakafurahi, wakatuombea dua ndefu, wakatia vidole gumba kwenye karatasi za mauziano. Ahmad alikuwepo na hakushangaa, kwani mauziano yoyote lazima yawe na watu wa kushuhudia. Jambo likaisha.

Januari tukaanza kusafisha. Tulitaka msingi uwe umesimama kabla ya masika. Vibarua watano walifyeka siku mbili. Siku ya tatu na ya nne wakaung'oa mkorosho na kisiki chake, kwa kuwa fundi wetu Jacktone alisema mizizi ile ingekuja kupasua ukuta. Takataka zote zikachomwa, ardhi ikasawazishwa. Jacktone akatia vigingi, akavuta kamba, na mimi nikaona nyumba yangu kwa mara ya kwanza, imelala chini kwa uzi mweupe. Nilizunguka ndani yake chumba kwa chumba. Nilisimama mahali pa jikoni, nikatazama pale litakapokuwa dirisha, nikamwambia Elkana kwamba nikifa leo, kabla ya kupika mle, nitakuwa nimekufa vibaya sana.

Mitaro ya msingi ilikuwa imechimbwa pande tatu, na lori la mawe limeshamwaga, asubuhi ile alipokuja Mama Mwanatatu.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Shaabani. Tulikuwa watatu pale, mimi, Elkana na Jacktone. Akapiga hodi kutoka njiani, mwanamke wa miaka sitini na kitu, buibui lake limepauka, mkononi fungu la mrehani. Tulimwamkia, tukampa ndoo akalie. Akatueleza kwamba yeye ni mjane wa ami yake Ahmad, na kwamba alikuwa Msambweni kwa bintiye miezi mitano, akiuguza macho.

"Mkorosho mushaukata," akasema, bila lawama.

"Ulikuwa umezeeka, mama," Jacktone akasema. "Mizizi yake ni mbaya kwa nyumba."

"Haya, mti ni mti. Na mashahidi yako wapi?"

Nilimwona Elkana akitabasamu lile tabasamu lake. "Mashahidi wako salama, mama. Si wale ng'ambo wanasuka makuti? Tumewatunza vizuri, kila mmoja na sukari yake."

Mama Mwanatatu alimtazama, kisha akanitazama mimi, kama anayetaka kujua huyu bwana ni mzima.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mimi nauliza mashahidi ya kaburi. Yale mawe. Moja la kichwani, moja la miguuni."

Elkana akarudi nyuma hatua mbili. Akaketi juu ya rundo la mawe. Nadhani hapo ndipo alipozisikia upya zile "mawili" na "yatunzeni", na kujua kwamba Ahmad hakukosea hata herufi.

Ahmad alipigiwa simu, akaja kwa pikipiki. Alipoona ardhi ilivyo tupu akashika kiuno. "Niliwaambia," akasema. "Wallahi niliwaambia." Elkana akamjibu kwa sauti ndogo kwamba kweli aliambiwa, ila alisikia watu. Ahmad alitaka kukasirika, lakini alipoelezwa habari ya sukari akashindwa kujua aanzie wapi.

Aliyelala pale alikuwa mtoto. Mama Mwanatatu mwenyewe ndiye aliyetueleza, akiwa bado amekaa juu ya ile ndoo, mrehani mapajani. Alikuwa mwanawe wa kwanza, wa kiume, akaishi siku sita, na sasa ni miaka arubaini na minne.

"Mimi sikumzika," akasema. "Kwetu wanawake hatwendi kuzika, na mimi nilikuwa ndani na arubaini yangu ya uzazi. Nilipotoka mume wangu akanileta hapa, akanionyesha mawe mawili, akaniambia, ndiye huyu. Basi mimi namjua kwa mawe. Mume wangu hayuko, waliochimba hawako. Mukiniuliza yuko wapi, bila ya mawe, mimi simjui."

Hakulia. Ingekuwa nafuu kama angelia.

Tukatafuta. Elkana alizunguka na jembe mkononi, akisema mkorosho ulikuwa hapa, halafu akisema hapana, ulikuwa huku, maana jivu lilikuwa limetawanywa kila mahali na shimo la kisiki limefukiwa likapotea. Ahmad naye tangu utotoni alikuwa akiyaona yale mawe chini ya mti. Mti ukiondoka, kumbe na yeye hana alijualo. Hatimaye Jacktone, ambaye alikuwa akitazama kamba zake kwa wasiwasi, akashauri.

"Si tuchague pale kwa kona, karibu na ua? Tujengee kakaburi kazuri, tuweke mawe mengine mapya. Hata ramani haitaguswa."

Ahmad alimtazama mama. Elkana alitazama chini. Mama Mwanatatu akafikiri kidogo, akasema, "Haya. Alipo, Mungu ndiye ajuaye." Akainuka, akaanza kwenda kwenye ile kona.

Sasa hapa inanipasa niseme jambo. Mimi nilikuwa najua alipo.

Siku ya kwanza ya kufyeka nilikwenda kuwapikia vibarua. Nilibeba sufuria, unga, kila kitu, nikasahau kwamba shambani hakuna meko. Nikatafuta mawe matatu ya mafiga. Moja nililiokota njiani. Mawili niliyakuta kwenye nyasi chini ya mkorosho, mawe ya matumbawe marefu kiasi cha mkono, yamesimama wima yakitazamana. Nakumbuka niliwaza nani ameyasimamisha vile. Kisha nikaona jua limepanda na watu wana njaa, nikayatikisa, nikayang'oa. Siku Jacktone alipokuja kupima, nikataka kigingi cha pembe ya jikoni nikitie mwenyewe, nipate kusema nyumba hii nimeianza mimi. Ardhi ilikuwa ngumu. Nikaona palepale shimo la jiwe moja, limejaa udongo laini wa kusawazishia, nikakisimika humo. Kisha nikawaambia wanaume, pimeni kuanzia hapa.

Kwa hiyo yule mtoto alikuwa ndani ya kamba, chini ya jiko langu, na mtaro wa msingi umepita kando ya kichwa chake.

Hakuna aliyeniona nikiyang'oa. Nilisimama pale nikijua hivyo, na nikihesabu: mitaro imechimbwa, mawe yako chini, masika yako njiani, na nyumba ikisogezwa itakwenda mpaka kwenye ule mteremko na kupungua chumba kizima. Nilitaka ile nyumba. Nasema wazi, kwa muda ule niliitaka kuliko nilivyotaka kuwa mtu mwema. Nikajiambia kwamba mama ameshakubali, na kwamba kona ile ni ya ardhi ileile, na Mungu hapotezi mtu. Yote hayo ni kweli, na yote nilikuwa nikiyasema ili ninyamaze.

Mama Mwanatatu alifika kwenye kona. Akashika goti kwa mkono mmoja, akaanza kuinama aweke mrehani wake mahali pasipo na mtu.

"Mama," nikasema. "Siyo hapo."

Wote wakageuka. Nilikwenda kwenye kigingi, nikakichomoa, na kamba ya Jacktone ikalegea upande mzima. "Moja lilikuwa humu," nikasema. Nikapiga hatua moja, fupi. "La pili lilikuwa hapa. Niliyang'oa mimi. Elkana hajui."

Ile hatua moja ndiyo iliyonivunja. Sikuwa nimewaza kwamba kaburi linaweza kuwa fupi vile.

Mama Mwanatatu alirudi polepole. Hakunitazama mimi, alitazama ile nafasi kati ya shimo la kigingi na miguu yangu, muda mrefu. Jacktone alivua kofia. Kisha mama akaniuliza mawe yenyewe yako wapi.

Nilikwenda kuyatoa kwenye kibanda cha mabati cha vifaa vya ujenzi, nilikoyaweka pamoja na sufuria zangu. Nilitamani kibanda kiwe mbali zaidi. Yalikuwa meusi kwa masizi, na moja limepata ufa, kwa sababu jiwe la matumbawe halipendi moto, jambo ambalo kila mtu wa pwani analijua na mimi sikulijua. Nikayaweka mbele yake.

"Nilipikia, mama," nikasema. "Niliyafanya mafiga. Nisamehe."

Ahmad alisema neno kwa Kidigo, akageuka upande. Mama Mwanatatu akachutama. Akapitisha kidole juu ya lile lenye ufa, akakitazama kidole chake cheusi.

"Ulipika nini?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Ugali, mama. Na dagaa. Na sukuma wiki."

"Watu wangapi?"

"Saba. Siku nne."

"Wakashiba?"

"Walishiba. Wengine walikuwa wakiomba tena."

Akatikisa kichwa, kama mtu anayesikiliza habari za jamaa aliye mbali.

"Hakuwahi kulishika ziwa vyema, yule mwana," akasema. "Siku zote sita. Nikimkamulia, maziwa yakimwagika shavuni. Watu huniambia, Mwanatatu, ni miaka mingi, wewe una wana wengine, una wajukuu. Mimi siwaambii. Liniumalo si kufa, kufa ni amri ya Mungu. Liniumalo ni kuwa mwanangu alizikwa na njaa."

Nililia hapo, mbele ya fundi na mbele ya kila mtu. Elkana alikuja akasimama nyuma yangu, akaniwekea mkono begani.

Nilipojifuta uso niliuvuta mtungi wa maji. Nilitaka kuyasugua yale mawe yatakate kabla ya kuyarudisha, niyapake hata chokaa kama angetaka. Mama Mwanatatu akanishika mkono.

"Usiyaoshe," akasema. "Yarejeshe vivyo hivyo. Yananuka chakula."