Vitabu vya Likizo ya Kiwangwa

Mwaija binti Mwinyijuma hakuwa mwanamke wa kushuku ovyo. Alishuku kwa utaratibu, kama wenzake wanavyosuka ukili, akijaliza kidogo hapa na kidogo pale mpaka mkeka ukamilike. Na mwaka ule, shule zilipokaribia kufungwa, mumewe Mwalimu Mikidadi alimpa vya kusukia vya kutosha.

Kwanza alimwambia kwamba safari hii atakwenda Kiwangwa peke yake. Kila likizo walikwenda wawili kwa mjomba wake Mwalimu, Mzee Pazi, ambaye nyumba yake ilikuwa kandokando ya msitu, mbali na joto la Bagamoyo na maneno ya watu wake. Mwalimu alibeba vitabu, akashinda chini ya miti akisoma, na alasiri akawasomea watu wa nyumbani. Mwaija alibangua korosho, akala, akanenepa, akarudi mjini watu wakimwambia kapendeza. Leo ghafla anaambiwa abaki aangalie nyumba. Nyumba yenyewe ya mawe, imesimama palepale tangu enzi za Mdachi, na haikuwahi kuonyesha dalili ya kutaka kwenda popote.

Pili, Tatu alikuwa amerudi kwa baba yake. Tatu ni binti wa Mzee Pazi, na eda ya mumewe ilikuwa imekwisha. Habari hiyo aliileta Ashatu, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyekuja kuazima chumvi na kusahau kuondoka nayo. Ashatu alikumbusha, kwa nia njema kabisa, kwamba tangu utotoni wazee walikuwa wamemwekea Tatu huyohuyo Mikidadi, na kwamba mtu kumwoa mtoto wa mjomba wake hakuhitaji hata mshenga.

Mwaija alimjibu kwamba chumvi iko mtunguni, ajichotee. Lakini maneno yalikuwa yameshaingia. Ndoa yao ilikuwa na miaka zaidi ya kumi na hakuna mtoto aliyewahi kutambaa juu ya sakafu ile. Hakuna aliyemsema usoni, na Mwalimu mwenyewe hakuwahi kulitaja jambo hilo hata siku ya hasira. Ukimya huo ndio uliomtisha. Alikuwa na hofu moja tu duniani, nayo ni mke wa pili, na sasa hofu hiyo ilikuwa na jina na anwani.

Halafu vikaja vitabu.

Alasiri moja Mwalimu alijifungia chumbani kuchagua vya kwenda navyo. Mwaija, kwa kuwa alikuwa na shughuli ya lazima ya kufagia mahali pasipo na vumbi karibu na mlango, alichungulia. Alimwona mumewe amekaa sakafuni, sanduku wazi mbele yake, akichukua kitabu kimoja kimoja. Hakukisoma. Alikipapasa mgongo, akakinusa, akakifungua mahali fulani na kukisogeza dirishani, midomo ikimcheza, kisha akakifunga upesi kama aliyefumaniwa. Vingine alivirudisha rafuni. Vingine aliviingiza sandukuni taratibu, kama mtu anayechagua zawadi.

Na uchaguzi wenyewe ulikuwa wa ajabu. Kitabu cha hesabu. Kitabu cha hadithi za wanyama kilicholegea uzi. Kitabu cha sala. Kitabu cha milima na mito ya Tanganyika. Vyote vikuukuu, vyote alivyokwisha kuvisoma mpaka vikachoka. Vile viwili vipya alivyovileta kutoka Dar es Salaam, ambavyo bado vilinuka gundi, hakuvigusa. Mtu gani anakwenda kupumzika msituni akaacha kitabu kipya na kubeba alichokwisha kukimaliza? Labda, alijijibu Mwaija, mtu ambaye msomaji si yeye.

Kisha akaona kitabu cha mwisho kikiingia sandukuni, na ufagio ukasimama.

Kilikuwa kitabu cha kwanza cha kusomea, chenye picha, ambacho yeye mwenyewe alikishonea jalada kwa kipande cha leso yake nyekundu. Mwaija aliolewa akijua herufi za Kiarabu za chuoni tu. Herufi za Kizungu alifundishwa na mumewe, uani, mwaka wa kwanza wa ndoa, kwa kitabu hichohicho. Pale penye picha ya jogoo alikwama kwa siku nyingi, si kwa ugumu wa maneno, bali kwa sababu jogoo yule alifanana na ami yake na kila walipofika hapo walicheka mpaka wakaacha kusoma. Tangu siku zile alimwita mumewe Mwalimu, hata chumbani. Ndoa yao ilikuwa imo ndani ya leso ile. Leo inapelekwa msituni akafundishiwe mwingine.

Mwaija hakulia. Alikasirika, na hasira yake ilikuwa na mikono. Mwalimu alipokwenda msikitini, alifungua sanduku, akakivua kitabu kile leso yake, na kukivalisha kitabu kingine cha ukubwa uleule, cha kilimo cha pamba, alichokigawa bwana shamba bure na kwa hiyo hakuna aliyekisoma. Ndani yake mlijaa picha za wadudu. Kama Tatu alitaka kufundishwa kusoma, basi na aanze na funza wa pamba.

Mwalimu aliondoka kwa lori la Mhindi. Alipopanda, mguu ulikosa kikanyagio, akajishika, akacheka. Mwaija akasema moyoni kwamba haraka hiyo ya kijana ilikuwa haijaonekana muda mrefu.

Alitegemea kwamba baada ya siku mbili tatu ataletewa salamu: Mwaija, umenifungia kitabu gani? Salamu zilikuja, za afya na za mvua, lakini za kitabu hapana. Kwa hiyo hajakifungua, akawaza. Au kimefunguliwa na asiyejua tofauti. Alivumilia mpaka uvumilivu ukamwisha, akafunga mlango, akamwachia Ashatu ufunguo pamoja na chumvi yote, akapanda lori. Kikapuni alitia kitabu cha kusomea kikiwa hakina nguo, na vile viwili vipya. Vilikuwa ushahidi wake. Alikusudia kuvibwaga chini mbele ya mjomba mtu na kuuliza swali moja.

Alimkuta Mzee Pazi amekaa barazani akichonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mumeo alisema huwezi kuja."

"Nimeweza."

Mzee alimtazama kidogo, akaamua kwamba hilo halimhusu. Alimwelekeza msituni, kwenye uwazi wanakokausha muhogo. Mwalimu alikuwa huko na watoto, alisema, anawafundisha kila siku tangu aje, na Tatu hakosi hata mara moja. Huyo ana hamu ya kusoma, mzee aliongeza kwa fahari, na Mwaija akashika njia ya msituni.

Aliisikia sauti kabla ya kuwaona. Ilikuwa sauti ya uani, ile ya mwaka wa kwanza, inayopanda mwisho wa sentensi ili mwanafunzi aifuate. Alisimama nyuma ya shina la mvule. Mwalimu alikuwa amekaa juu ya gogo, uso ameuelekeza jua linakoingilia. Watoto walikuwa mkekani. Mbele yao wote alikaa Tatu, kanga mpya, macho yamemganda Mwalimu. Na mikononi mwa Mwalimu ilikuwa leso nyekundu.

"Baba analima," alisoma Mwalimu. Akafunua ukurasa. "Mama anatwanga." Akafunua mwingine, pale hasa pa kufunua. "Jogoo anawika. Haya, mtazameni jogoo. Amesimama juu ya ua, mguu mmoja ameukunja."

Akawageuzia kitabu. Ukurasa mzima ulijaa funza mnene wa pamba, ametoboa tumba na kuchomoza kichwa.

Watoto walitazama kwa adabu. Hawakuwa wamezoea vitabu, na huenda jogoo wa kitabuni ndivyo alivyo. Mmoja tu aliuliza kwa sauti ndogo mbona hana miguu.

"Tazama vizuri," Mwalimu alimwambia akitabasamu. "Kaukunja mmoja, lakini wa pili unaonekana."

Mwaija alidhani ni mzaha, na hasira ikampanda kwamba anafanya mzaha na watu hawa kwa kitabu chao wao wawili. Kisha akautazama uso wa mumewe. Haukuwa na mzaha. Alikuwa akimsubiri mtoto auone mguu wa jogoo, na macho yake, yaliyokuwa wazi, yalipita juu ya kichwa cha mtoto yule yakaishia kwenye majani.

Hapo mkeka wote aliousuka ukafumuka mara moja. Kupapasa vitabu. Kuvinusa. Barua ya kaka yake, ambayo siku zile Mwalimu alimwomba Mwaija amsomee akisingizia mafua. Kikanyagio cha lori. Akaushika mti. Alichoogopa kwa miaka yote hakikuwepo, na kilichokuwepo hakuwahi kukiogopa.

Tatu naye alikuwa ameinamisha kichwa. Alimtazama funza, akamtazama Mwalimu, akamtazama funza tena. Huyo hakuwa mtoto. Alinyoosha mkono kukitaka kitabu, na Mwaija akajua kwamba mkono ule ukikifikia, jioni Kiwangwa yote itajua, na kabla shule hazijafunguliwa habari itakuwa imefika Bagamoyo.

"Hodi hapa," alisema, akatoka nyuma ya mti kwa kishindo. "Wifi Tatu, habari za siku nyingi. Jamani nisameheni, kosa ni langu. Nilikuwa nikifua majalada, nikakivisha kitabu cha pamba nguo isiyo yake. Na huyu Mwalimu wenu, badala ya kusema, anawauzia funza kwa bei ya jogoo. Mzaha wake huo mimi naujua tangu arusini."

Watoto waliangua kicheko walichokuwa wakikizuia muda mrefu. Tatu alicheka pia, nusu, akiurudisha mkono wake. Mwalimu peke yake hakucheka. Mwaija alikaa gogoni ubavuni pake, akakitoa kile kitabu mikononi mwake, akaweka cha jogoo chenyewe kutoka kikapuni, na kidole chake akakishika na kukiweka juu ya jogoo. Kidole kilikuwa cha baridi.

"Endelea, Mwalimu," alisema.

Akaendelea, mpaka mwisho, bila kukosea neno. Darasa lilipotawanyika walibaki wawili.

Mwalimu ndiye aliyeanza. Alieleza kwamba herufi zilianza kumkimbia mwaka uliopita. Watu bado aliwaona, kama walio nyuma ya chandarua, lakini herufi hapana. Shuleni alifundisha kwa kichwa. Shule zikifunguliwa mkaguzi atakuja, na mwalimu asiyeona hana kazi. Kwa hiyo alichagua kitabu kimoja kwa kila somo, akaja navyo kwenye watu wasiosoma, ajaribu kama anaweza kuvifundisha vyote bila kugundulika.

"Na mimi ukaniacha," alisema Mwaija.

"Wewe ndiye ungenigundua wa kwanza. Niliogopa, Mwaija. Mtoto sikukupa. Nikikosa na mshahara, ungebaki kwangu kwa lipi?"

Mwaija alitaka kusema mambo mengi. Kumbe kwa miaka yote kila mmoja alikuwa amejitwika lawama ileile na kumficha mwenzake. Alilia wakati huo, waziwazi, na hakujifuta.

"Mimi nilidhani unamwoa Tatu."

Mwalimu aligeuza uso kama aliyesikia lugha ngeni. "Kwa hiyo ile nguo hukuikosea."

"Sikuikosea. Nilitaka ajifunze kusoma kwa funza."

Kicheko kilimtoka Mwalimu bila ruhusa yake, kikakatika. Akapapasa kikapu kilichokuwa miguuni pao, akagusa vitabu viwili, akavinusa. Mkono ukarudi nyuma.

"Hivi umevileta vya nini?"

"Vya ugomvi. Kwa nini uliviacha?"

"Ndivyo shule itakavyofundishia muhula ujao. Vya zamani vinafutwa. Hivi sivijui hata neno moja."

Basi hicho ndicho kilichokuwa kikimla. Si sanduku la vitabu ambavyo maneno yake aliyajua, bali hivi viwili vya rafuni. Mwaija alikichukua cha kwanza, akazikata kwa kisu cha muhogo kurasa zilizokuwa bado zimeshikana, akaanza kusoma kwa sauti. Alisoma polepole, akijikwaa, na Mwalimu akarudia nyuma yake kwa midomo tu.

Lakini Mwaija ni Mwaija. Alipofika katikati ya ukurasa, shaka ikamrudia, ndogo, kwa mazoea. Je, kama anaona kidogo? Je, kama yote haya ni maneno? Akaruka neno moja kwa makusudi, akaunganisha sentensi vizuri, akapita.

"Rudia," alisema Mwalimu. "Umeruka neno."

Alimgeukia upesi. Mwalimu alikuwa ameelekea kwenye miti, na macho yake hayakuwa juu ya kitabu wala juu yake.

"Umejuaje?"

"Umemeza pumzi. Hata na kile cha jogoo ulikuwa ukiniibia hivyohivyo."

Mwaija akarudi mwanzo wa mstari, na safari hii aliyasoma maneno yote.