Mbuzi wa Nelius

Kananu hakuwa mtu wa kukaa kitako. Tangu gari la chama cha ushirika limshushe Gachoka asubuhi, alikuwa akiizunguka meza yake kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mfumo wa kuandikisha mifugo ulikuwa kazi ya mikono yake. Aliutengeneza ofisini, Meru mjini, akitazama mvua dirishani, na leo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza utumike mbele ya mbuzi wenyewe, juani, huku daktari wa mifugo akichanja.

Kazi ilianza vizuri. Wafugaji waliwapitisha mbuzi kwenye ujia wa miti, na Karimi, mwandikishaji, akasoma namba ya hereni ya sikioni na kuiingiza kwenye simu. Ghafla foleni ikasimama.

"Mimi sikubali!" mama mmoja alisema kwa sauti. "Andika jina langu. Nelius."

"Mama, si mimi nakataa, ni sistimu," Karimi akajitetea. "Boma lina jina moja tu, na hili liko kwa jina la Ireri."

Ireri, shemeji yake Nelius, alikuwa ameegemea fimbo yake. "Boma ni la marehemu ndugu yangu," alisema. "Na kuna mbuzi zangu nilimpa huyu anichungie. Sasa shida iko wapi?"

"Shida ni cheti kinachotolewa hapa. Kule mnadani mwenye jina kwenye cheti ndiye mwenye kuuza. Kesho nikuombe ruhusa ya kuuza mbuzi niliyemzalisha mimi mwenyewe?" Nelius hakungoja jibu. Akaanza kuwaswaga mbuzi wake kuwarudisha nyumbani.

Daktari akainua uso. "Ugonjwa uko ng'ambo ya mto. Hao wakienda bila chanjo, hatujafanya kitu."

Kananu aliacha kuizunguka meza. Alijua kosa lilikuwa wapi. Maktaba ya programu aliyoitumia, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, ilimruhusu aeleze mambo kama mtu anavyomweleza jirani: hii ni modeli ya boma, hii ya mbuzi, mbuzi ana namba, ana umri, yumo ndani ya boma fulani. Maktaba yenyewe ndiyo iliyogeuza maelezo hayo kuwa majedwali kwenye hifadhidata. Ikaamini kila alichoiambia. Naye aliiambia kwamba boma lina mwenyewe mmoja na kila kilichomo ni chake, kwa kuwa kwao milimani ng'ombe wa mtu alilala zizini mwa mtu huyo huyo. Hakuwahi kuuliza Gachoka wanafugaje.

Alimkimbilia Nelius. "Mama, tafadhali ngoja kidogo. Nitaibadilisha."

"Utabadilisha kompyuta, ama utabadilisha shemeji yangu?"

Watu wakacheka, lakini Nelius akasimama.

Kananu alirudi mezani, akaandika akiwa wima. Jina la mwenye mali alilitoa kwenye modeli ya boma na kulitia kwenye modeli ya mbuzi, kila mbuzi na mwenyewe. Boma likabaki na mtunzaji. Akaruhusu pia nafasi ya mwenyewe iachwe wazi, maana mbuzi wa asubuhi walikuwa tayari ndani bila kujazwa hapo. Kisha akaiamuru hifadhidata ibadilike.

Haikubadilika. Alama ya kusubiri ilimeta pale pale kwenye kioo. Alizunguka meza, akatazama, akazunguka tena. Mbuzi walilia. Mwishowe akafungua orodha ya miunganisho ya watu waliomo kwenye hifadhidata, na akaona mmoja uliofunguliwa alfajiri na kulishika jedwali la mbuzi bila kuliachia: mbuzi wapya waliweza kuingizwa, lakini umbo la jedwali halikuweza kubadilishwa. Ulikuwa wa Marete, mkubwa wake kule Meru, aliyekuwa akisahihisha majina ya wafugaji wa Kibugu na mifugo yao. Mabadiliko yake yalikuwa hayajathibitishwa, yalining'inia tu; muunganisho ukikatwa, yangepotea.

Akampigia. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Nelius alikuwa ameanza kumvuta beberu wake kwa pembe.

Kananu akaukata muunganisho wa Marete.

Papo hapo amri ikapita. "Karimi, jaribu sasa!"

Karimi akauliza mbuzi mmoja mmoja ni wa nani. Ireri, kinyume na walivyodhani watu, alionyesha wake bila ujanja, na Nelius akaonyesha wake. Wakafika kwa jike la kahawia lenye mimba.

"Wangu," akasema Nelius.

"Mama yake alikuwa wangu," akasema Ireri. "Mtoto atakuwaje wako?"

"Tulipatana uzao wa kwanza ni malipo yangu ya kuchunga."

"Mlipatana na ndugu yangu. Si mimi."

Wote wawili wakamgeukia Kananu, kana kwamba jibu lilikuwa kwenye kompyuta. Akatikisa kichwa. "Hiyo mtamaliza nyinyi. Karimi, paache wazi. Daktari, mchanje."

Jike likachanjwa. Nelius aliondoka na cheti chenye jina lake, akimfuata Ireri, wakibishana Kimbeere njia nzima.

Ndipo Marete alipopiga simu. "Kananu, kazi yangu ya asubuhi yote imepotea! Nani amegusa seva?"

"Ni mimi. Nilikupigia, hukushika."

"Kwa hivyo ukikosa kunipata, unanifutia?"

Angeweza kumwambia kwamba yeye ndiye aliyeliacha jedwali limefungwa. Lakini ukurasa alioutumia Marete ni Kananu aliyeutengeneza, akasahau kuuagiza uthibitishe kila badiliko na kuufunga muunganisho baada yake. "Kosa ni langu kotekote," alisema. "Nisomee majina, niyaingize mimi."

Karatasi zikachakarika upande wa pili. 

"Leo sitaki," akasema Marete. "Rekebisha ule ukurasa kwanza. Kesho asubuhi tutaketi pamoja ofisini, na utanieleza mbele ya wenzako kwa nini ulikata."

Akakata simu. Kananu alitembea hadi mwisho wa ujia wa miti, akarudi, akavuta kiti. Karimi alimletea chai, naye Kananu akaisahau pembeni akiandika mistari ya kufunga muunganisho. Alipoinua macho, foleni ilikuwa imekwisha na daktari alikuwa akiosha mikono.