Maneno ya Kibao cha Geti la Kanisa

Ajenda ya Sita: Kuzingatia, na Ikibidi Kuidhinisha, Maneno ya Kibao cha Kufafanua Geti la Kanisa, na Thelma Oldroyd anaitazama biskuti ikimomonyoka ndani ya chai yake, haoni sababu ya kuiokoa... halmashauri nzima ya kijiji inagombania neno moja, lych, ndivyo geti lile lenye paa linavyoitwa tangu enzi za kale, pale jeneza hutuliwa likimsubiri kasisi, na mwenyekiti Garside anasema lych ni maiti, basi, andikeni maiti tukanywe bia... maiti, hata yeye Thelma alisema hivyo jana kwenye simu, yule wa mazishi alipomuuliza, mama, hutakuja kumwona Clifford, kesho saa kumi jioni tunafunika jeneza, akajibu hapana, asante, hiyo ni maiti tu, kama mtu anayekataa sukari, kisha akaenda kukunja soksi za marehemu, hata chozi... “Umekosea, Norman,” ni Bi Sugden, mwalimu mstaafu, Kiingereza cha kale ndiyo dini yake, “kwa wahenga lych lilikuwa mwili, mwili wowote, wa mtu anayelima, wa mtu anayelala, hata huo wako unaomaliza biskuti zetu, maiti ilikuja baadaye, walio hai walipopata neno jingine, hili wakawaachia wafu.” “Kwa hiyo tuandike Geti la Mwili? Watalii watakuja na taulo, wakitaka kukandwa!” anadakia Garside, wanacheka, Thelma naye anasikia mdomo wake ukicheka, yeye hayumo... mwili, mwili wa mtu anayelala, ile miguu ya Cliff, barafu tupu, kila majira ya baridi anaibandika kwenye mapaja ya Thelma makusudi, naye anapiga yowe, toa samaki wako hao, mshenzi wewe! na kitanda kinatikisika kwa kicheko... miguu hiyohiyo iko Halifax sasa hivi, kwa yule wa mazishi, chini ya shuka la watu, nani kaifunika, kaifunika vizuri? Cliff ambaye hata kung'oa jino hakwenda bila kushikwa mkono, na yeye kamwacha na wageni, kwa adabu, hapana, asante... “Diwani Oldroyd, wewe unaunga mkono maiti au mwili?” “Ngoja kwanza, Norman,” anasema, na mkono wake unapapasa chini ya kiti, unatafuta mkoba.

Ajenda ya Sita iliahirishwa. Diwani Oldroyd aliondoka kabla ya kura, akaenda kumwona mumewe.