Panya Aliyegeuza Kichwa

Watu wa Itumba walimcheka Atupele waziwazi. Wenzake wananunua sumu ya panya, yeye kasoma miaka yote hiyo ili awatibu macho! Hakujali. Asubuhi moja ukungu ulipojaa milimani hadi dirisha la maabara likawa jeupe tupu, alimlaza panya kwa dawa ya usingizi, akainamia hadubini, akashusha pumzi, kisha akapitisha sindano nyembamba mpaka nyuma kabisa ya jicho, chini ya ile ngozi laini inayopokea mwanga. Tone la dawa lilipoingia, ngozi ilijiinua taratibu kama lengelenge. Hapo Atupele alipotelea mawazoni. Ndani ya jicho mlikuwa na wekundu wa alfajiri, na mishipa imetambaa huku na huko, naye akajiona anatembea humo peku, akimtafuta kaka yake.

Kaka yake, Lusajo, alikuwa wakala wa forodha Tunduma, mtu wa kusoma nyaraka za malori chapuchapu. Sasa ugonjwa wa macho ulimbakizia kitundu tu cha kuonea, na kitundu chenyewe kilikuwa kinajifunga. Panya wa maabara walizaliwa na ugonjwa uleule.

Wiki ya sita baada ya sindano, siku ya Jumamosi, Lusajo alikuja kushuhudia. Atupele alimweka yule panya juu ya kigoda kidogo, katikati ya pipa lenye milia myeusi na myeupe, akaliwasha lizunguke. Alimweleza kaka yake kwamba panya kipofu hukaa tu. Anayeona huifuata milia kwa kichwa. Pipa lilizunguka, likazunguka. Panya alinusa hewa, akatulia. Kisha kichwa kikageuka polepole, kikaifuata milia, kikarudi, kikaifuata tena.

"Kaka, anaona," Atupele alisema, machozi yakimtoka.

Lusajo alicheka kwa furaha ambayo dada yake alikuwa ameisahau. Akauliza, dawa hiyo kwa watu itakuwa lini. Atupele hakumficha: miaka kumi, pengine zaidi, pengine isifike kabisa. Lusajo akauliza panya huyu atafanywa nini. Hilo nalo hakumficha. Jumanne atauawa, jicho lipasuliwe, lichunguzwe.

Lusajo aliinama mpaka kitundu chake kikampata yule panya, akamtazama kwa muda mrefu anavyoifuata milia.

"Leo Jumamosi," alisema. "Siku tatu za kuona. Mdogo wangu, mimi ningezichukua."