Bushi Nne

Sauti ile ilianza nikiwa mwaka wa pili chuoni, na kila nilipokuja likizo niliikuta imekua. Ngo, ngo, chini ya miguu ya abiria, kila pikapu ya baba ilipoingia shimoni. Baba alikuwa dereva wa shamba la ngano kule Hanang. Shamba lilipouzwa kwa watu binafsi, alirudi nyumbani Bashay na pikapu kuukuu ya shamba hilo. Tangu mkoa wetu uanzishwe na shughuli kuhamia Babati, alishuka mlima Magara kila Jumamosi akiwa na magunia ya vitunguu saumu.

"Baba, hiyo sauti inanitisha," nilimwambia.

"Inanisalimia tu, Nelia. Siku ikinyamaza ndipo uogope."

Nilipomaliza chuo nilirudi na bushi nne mpya kutoka Arusha, ile mipira inayozuia vyuma vya magurudumu visigongane, nimezifunga kwenye kanga kama mayai. Nilitaka baba azeeke salama.

Sulle, fundi niliyesoma naye shule ya msingi, aliifanya kazi uani kwetu baba akiwa shambani. Aliinua pikapu kwa jeki, akatoa vyuma vinavyoshika magurudumu ya mbele, akachoma mipira ya zamani ili iachie. Moshi wake mweusi ulikaa juu ya zizi hadi mchana.

"Mwanachuo, shika tochi vizuri. Digrii haikazi nati."

Upande wa kushoto hakukuwa na mpira tena, ni chuma kilichokuwa kikila chuma. Sulle alikitazama muda mrefu, akatema mate pembeni. Alizipaka bushi mpya sabuni, akazibana kwa jiliwa hadi zikaingia. Kisha akashusha gari chini kabla ya kukaza mara ya mwisho.

"Ukikaza likiwa hewani, mpira unajipinda na kuchanika mapema. Ingieni ndani, lipate uzito."

Tuliingia mimi na mama. Hapo ndipo nilipouona usukani kwa karibu. Baba alikuwa ameuzungushia utepe wa tyubu ya baiskeli. Upande wa kushoto utepe ulikuwa bado na mistari yake, lakini wa kulia ulikuwa umelika hadi unang'aa.

"Baba yako hashiki usukani," mama alisema akicheka. "Anauvuta kama kamba ya ng'ombe."

Nilicheka pia.

Sulle aliijaribu pikapu kwenye tambarare ya shule. Aliachia usukani kabisa, na gari likaenda limenyooka. Machozi yalinilenga. Niliamini kwamba nimemwokoa mtu.

Jioni baba alizunguka gari mara mbili, akalisukuma kwa goti.

"Imenyamaza," alisema. Hakutabasamu.

Jumamosi aliondoka alfajiri pamoja na mama. Nilikuwa nawasha moto jikoni niliposikia matawi yakivunjika. Nilipofika getini walikuwa wameshapotelea ukunguni. Uzio wa minyaa upande wa kulia ulikuwa umekwanguliwa urefu wa hatua tano, na utomvu mweupe ulidondoka toka kila tawi. Miaka saba tangu arudi Bashay, baba alipita pale bila kugusa hata jani.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Njiani alama za matairi zilisomeka vizuri kwenye udongo mwekundu. Zilikwenda kulia taratibu, zikarudi kushoto ghafla, kisha zikaanza tena kwenda kulia.

Nilikimbia kwa Sulle. Alikuwa anakunywa uji. Nilipomweleza habari za uzio, aliweka kikombe chini.

"Gari lilikuwa linavuta kushoto," alisema polepole. "Kwa vyuma vile, lazima lilivuta. Mzee amelirudisha kulia kwa mkono miaka yote, mpaka hajui tena kama anavuta. Sasa gari limenyooka, na mkono bado unavuta."

"Si ungemwambia?"

"Nilimpa mama yako funguo, nikaenda zangu. Ilinipasa nimpe mzee aliendeshe kwanza kwenye tambarare." Alikuwa tayari anawasha pikipiki. Hakuna aliyetaja kwamba ukishuka Magara, korongo liko kulia.

Tulishuka tukifuata zile alama. Kona ya kwanza zilipita katikati ya barabara. Ya pili zilikuwa zimevuka kabisa upande wa pili. Ya tatu, palipopangwa mawe meupe ukingoni, jiwe moja halikuwepo. Sulle alizima pikipiki tukasikiliza. Ukungu ulikuwa umejaa korongoni hadi juu, na hakuna kilichosikika humo.

Kona ya nne tuliwakuta. Pikapu ilikuwa imesimama, gurudumu la kulia kiganja kimoja kutoka ukingoni. Mama alikuwa barabarani, ameshika kichwa. Baba alikuwa amekaa kwenye jiwe.

"Shikamoo, baba," nilisema.

"Marahaba."

"Kila kona nilimwambia, Baba Nelia, kushoto," mama alisema. "Ananijibu, niko kushoto."

"Nilikuwa kushoto," baba alisema. "Mmelifanya nini gari langu? Linanipeleka shimoni."

Sulle alichuchumaa mbele yake. "Gari halikupeleki, mzee. Ni wewe."

Baba alitazama viganja vyake, kimoja baada ya kingine. Kisha akatoa funguo mfukoni akampa Sulle bila kumtazama.

Tulipakia pikipiki juu ya magunia nikakaa hapo, nikitazama ndani kwa kioo cha nyuma. Sulle alirudisha gari barabarani, akashuka polepole, gari limenyooka. Mama alikaa katikati na baba upande wa mlango, mikono mapajani. Kila kona ilipokaribia, vidole vyake vilijikunja taratibu, vikashika hewa, vikavuta kulia.

Chini yetu hapakuwa na sauti yoyote.